Dada wa Pembeni

Mjini hapa kila mtu anamfahamu kwa sura, na karibu hakuna amjuaye. Akipita sokoni, watoto hupeperusha mikono hewani kama watu wanaofukuza nyuki, kisha hutimua mbio wakicheka. Wenye maduka humwita Dada wa Pembeni, kwa sababu huko ndiko aliko kila jioni: pembeni mwa kioo cha televisheni, chini kulia, ndani ya kisanduku kidogo, akitafsiri taarifa ya habari kwa lugha ya alama. Msomaji wa habari ana meza inayong'aa na nywele zilizotengenezwa zikatulia. Yeye ana shati jeusi, ukuta wa buluu nyuma yake, na mikono. Watu wenye masikio mazima humtazama kama wanavyotazama feni ya darini: ipo, inazunguka, yatosha.

Wanaomtazama kwa haja ni viziwi. Na katika viziwi wote wa mji huu, kulikuwa na mmoja tu ambaye yeye alitamani amtazame, naye alikuwa amemfumbia macho huu mwaka wa tatu. Huyo ni baba yake mzazi.

Mzee ni fundi viatu. Alizaliwa hasikii, akaoa mwanamke asiyesikia, wakajaliwa mtoto mmoja mwenye masikio kama ya sungura, ndiye huyu. Kabla hajajua kutamka neno, alikuwa anajua kuomba maziwa kwa vidole. Na kwa kuwa kumwita baba kwa sauti ilikuwa kazi bure, alijifunza mapema kutambaa mpaka kwenye kigoda chake na kumvuta pindo la shati. Akivuta, baba anageuka. Baba awe anakata ngozi, awe anapaka gundi, awe amechoka namna gani, pindo likivutwa aligeuka.

Viziwi hawaitani kwa majina ya kwenye vyeti. Kila mtu hupewa alama inayomfaa. Mtoto akapewa hiyo: vidole viwili vikivuta pindo la shati. Baba naye alama yake ni vidole viwili kwenye kona ya mdomo, mahali mafundi viatu wanapobana misumari wakiwa kazini. Fundi mwingine akishabana misumari mdomoni, mazungumzo yamekwisha. Huyu aliweka nyundo chini, misumari ikiwa pale pale mdomoni, akapiga soga kwa mikono miwili mpaka mteja akakata tamaa na kuondoka peku. Mke wake alikuwa akimwambia kwamba Mungu alimnyima sauti kwa kuwahurumia majirani. Marehemu mama huyo alipenda mzaha.

Tangu utotoni, basi, binti alikuwa mdomo wa baba na sikio lake. Hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba, alitangulia yeye. Hata mwalimu alipomwita mzazi shuleni kuja kusikia mashtaka, mkalimani alikuwa mshtakiwa mwenyewe. Mwalimu akasema mtoto huyu ni mtundu, mvivu, na ana domo. Mkalimani akatafsiri: "Mwalimu anasema mimi ni hodari, na anakushukuru kwa malezi mema."

Baba alimtazama mwalimu usoni, akauona mshipa uliosimama kwenye paji la uso, kisha akamgeukia binti yake.

"Anashukuru kwa hasira sana," akasema kwa mikono.

Alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, na walipofika akamnyima michezo wiki nzima. Huwezi kumdanganya mtu anayesoma nyuso kwa ajili ya kuishi. Mzee alijivunia hilo kuliko hata viatu vyake, na ndiyo maana lililokuja kumpata baadaye lilimchoma hadi kwenye mfupa.

Yeye na wenzake walikuwa na karakana yao ya viatu nyuma ya kituo cha zimamoto, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekubali kupanga kwa sababu ya ving'ora. Wao ving'ora vikilia walikuwa wanagonga soli zao raha mustarehe. Ukaja uvumi kwamba eneo lile linatakiwa kupitishwa barabara. Ulikuwa wakati wa kampeni, na Mkubwa wa nchi akaja kuhutubia uwanjani. Binti alikuwa ndio kwanza ameajiriwa na televisheni, akapangwa kutafsiri. Mkubwa akanguruma: "Karakana ya ndugu zetu viziwi haitaguswa, maadamu mimi ni hai!"

Uwanja ulikuwa mpana. Kutoka pale walipoketi viziwi, uso wa Mkubwa ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati, tena umefichwa na vipaza sauti. Hapakuwa na mshipa wa kusoma wala jicho la kupima. Kilichoonekana vizuri ni mikono ya mkalimani, aliyesimamishwa kwenye jukwaa dogo mbele yao, na mikono ile waliijua tangu ikiwa midogo. Wakashangilia kwa namna yao, viganja juu vikitikisika. Baba yake alikuwa safu ya mbele na viganja vyake vilikuwa juu kuliko vya wote.

Mwaka haukuisha, matingatinga yakaja. Mkubwa alikuwa hai kabisa, tena amenenepa.

Siku ile mzee alirudi nyumbani na kigoda chake kwapani, kitu pekee alichowahi kukiokoa pamoja na mfuko wa misumari. Akakiweka katikati ya chumba, hakukikalia.

"Nani aliniambia haitaguswa?" akauliza.

"Ni yeye, Baba. Mimi nilitafsiri tu. Mjumbe hauawi."

"Yeye sikumwona mdomo. Niliona mikono yako."

Kisha akafumba macho.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakumjua mzee huyu. Mtu anayesikia, hata akikununia, sauti yako itamfikia tu apende asipende. Kiziwi akifumba macho, amefunga mlango na madirisha na ameondoka na ufunguo. Kila binti alipokuja, baba alihisi nyayo zake kwenye sakafu ya mbao, akafumba, akakaa hivyo mikono ikiwa juu ya magoti, mpaka sakafu ilipotulia tena. Binti alilia mbele yake, na kilio kile hakikuwa na mtu wa kukiona wala wa kukisikia. Shangazi, dada yake mzee, aliyeishi naye na kumpikia, alisimama mlangoni akitikisa kichwa. Mwisho binti akaacha kwenda.

Alimkosa baba yake kwa namna isiyo na dawa. Si maneno matamu aliyoyakosa, maana mzee hakuwa nayo. Alikosa kukosolewa. Alikosa kuambiwa kwamba kidole chake cha shahada kimelegea, kwamba anazungumza kama mtu aliyevaa glavu. Jioni akirudi kwenye chumba chake cha kupanga, hakuwa na wa kusema naye kwa lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa. Alikuwa akioga anazungumza peke yake, mapovu ya sabuni yanaruka ukutani.

Ikafika siku ya hotuba ya mwaka. Mkubwa ofisini kwake, bendera huku na huku, na mkalimani studioni, sauti ikimfikia kwa kidude cha sikioni. Hotuba ilikuwa ndefu, na mambo ya takwimu yanachosha vidole. Kuelekea mwisho Mkubwa akateremsha sauti, akawa mpole kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ndugu zangu, mimi ni baba yenu. Baba mwema huwasikia wanawe hata wakinong'ona. Na mimi nawasikia."

Mkalimani akatafsiri, akainama kidogo, taa zikazimwa, akaenda zake kunywa maji. Hakujua kama kuna jambo limetokea.

Simu ya kwanza ilikuwa ya video, kutoka kwa fundi mmoja wa zamani wa karakana, anacheka mpaka machozi. "Tangu lini yule mzee wetu amekuwa rais?" akauliza. Binti hakuelewa. Ndipo akatumiwa kipande chenyewe, akajitazama. Pale Mkubwa aliposema mimi ni baba yenu, mkono wake haukufanya alama ya baba inayojulikana na wote. Ulikwenda kwenye kona ya mdomo, vidole viwili, misumari. Na pale Mkubwa aliposema nawasikia, vidole vyake viwili vilitoka usawa wa macho, vikageuka, vikauelekea moyo wake mwenyewe, haraka haraka. Alikuwa amesema: Baba, nitazame.

Alikirudia kipande kile mara nyingi, kama mtu anayejisikiliza akikoroma. Mikono ilikuwa yake, pete ya mama yake kwenye kidole ilikuwa ile ile. Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwake yeye kidole ndio ulimi.

Kufikia kesho yake mchana, viziwi walikuwa wamewaeleza ndugu zao wanaosikia, na wanaosikia hawajui kukaa na kitu. Mkurugenzi wa kituo akamwita. Alikuwa mtu mzuri mwenye vidonda vya tumbo, na siku ile alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Dada yangu, umemwambia nini Mkubwa?"

"Sikumwambia yeye, bosi."

"Hilo ndilo baya zaidi! Ulikuwa unasema na nani hewani, kwenye televisheni ya watu?"

Mkurugenzi akashusha pumzi, akasema jioni kuna kipindi cha mjadala, na mada ni hiyo hiyo. Wamekuja watu wa chama. Na kwa kuwa kijana mpya wa kutafsiri hajaripoti kazini, hakuna mwingine. Atatafsiri yeye.

"Nitafsiri watu wakinisema mimi?"

"Ndiyo. Na usiteleze tena, tafadhali. Nina watoto."

Basi akaketi kwenye kiti chake kirefu mbele ya ukuta wa buluu, akamkumbuka yule mwalimu wa shuleni na ule mshipa wa kwenye paji. Mara hii hakuwa na nafasi ya kuongeza shukrani.

Upande mmoja wa meza alikaa msemaji wa chama, mwenye shingo iliyofura juu ya tai. Upande wa pili alikaa daktari wa nafsi, mwanamume mwembamba mwenye miwani isiyokaa puani. Huyu aliitwa studioni kila jambo la siasa lilipowashinda wanasiasa. Madaktari wenzake huwalaza wagonjwa kwenye kochi na kuwauliza habari za utoto wao. Yeye alilaza nchi nzima.

Msemaji akaanza. "Ni hujuma. Mtu amelipwa."

"Si hujuma," daktari akajibu. "Anayehujumu huchagua. Huyu aliteleza, na binadamu anapoteleza, mara nyingi huponyokwa na kile alichokuwa amekificha hata asikione mwenyewe. Tumezoea kuona ulimi ukiteleza. Jana umeteleza mkono."

Katika lugha ya alama, anayesemwa hutengewa mahali hewani; mkalimani akamweka huyo mkalimani anayesemwa upande wake wa kushoto, kama mtu mwingine kabisa asiyemjua, akaendelea kumsema. Mikono ilikuwa inafanya kazi. Shati lilikuwa limeloa mgongoni.

"Jiulizeni," daktari akasema, "kiongozi akituambia yeye ni baba yetu, kwa nini sisi watu wazima wenye ndevu tunayeyuka? Kwa sababu ndani ya kila mmoja wetu kuna mtoto amesimama mlangoni, anangoja kuonwa. Kiongozi mjanja anamjua mtoto huyo. Anamwambia nakusikia, nakuona, na mtoto anatulia, anasahau alikuja kudai dawa na shule. Tunampa mtu tusiyemjua mapenzi yaliyokuwa ya mwingine."

"Kwa hiyo unasema Mkubwa si baba wa nchi hii?" msemaji akadakia, shingo ikizidi kufura.

"Nasema ana watoto wake nyumbani. Waulizeni wao."

Mpiga picha akajikohoza ili asicheke. Daktari akasukuma miwani juu.

"Na ahadi ikivunjika, tunaona ajabu nyingine. Hasira hatumpelekei aliyeivunja. Yuko mbali, yuko juu, na tunaogopa kumpoteza hata huyo baba wa kuazima. Tunampelekea aliye karibu. Mke, jirani, mtoto. Tunampiga yule ambaye tunajua hatatuacha."

Hapo mikono ya mkalimani ilisita. Ni kitambo kidogo tu, msomaji wa habari asingeona, mkurugenzi asingeona. Lakini alilazimika kuyapitisha maneno yale mwilini mwake kabla ya kuyatoa, kwa sababu ndivyo ukalimani ulivyo, na yalipopita yaligusa kitu. Akayatoa yote, hakupunguza wala hakuongeza. Aliye karibu. Mke, jirani, mtoto.

Baada ya kipindi daktari alimkuta kwenye korido, kwenye mtungi wa maji.

"Niwie radhi, dada. Nimekusema mbele yako kama vile umeshazikwa."

"Ni kazi, Daktari."

"Naomba nikuulize moja, na usinijibu ukipenda. Uliposema nitazame, ulikuwa unatazama wapi?"

Akashangaa swali lenyewe. "Kwenye kamera. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na kamera inapeleka wapi?"

"Majumbani kwa watu."

"Aha," daktari akasema, akaenda zake, akajikwaa kwenye waya wa taa, akashika ukuta. Mkalimani akawaza kwamba kumbe kuna watu wanalipwa kwa kusema aha. Lakini usingizi wa siku ile ulikuwa wa mang'amung'amu, na lile swali lilikuwa limelala naye kitanda kimoja.

Kesho yake aliambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Kwenye kituo kile watu walikuwa hawafukuzwi, walikuwa hawaitwi. Jioni akawasha televisheni yake, akamwona kijana mpya ndani ya kisanduku, amevaa tai, mikono yake migumu kama miko ya kusongea. Akazima. Ajabu ni kwamba kazi haikumuuma kama alivyotarajia. Kilichomuuma ni wazo moja la kipumbavu ambalo hakumwambia mtu: kwamba kwa miaka yote ile, kila jioni, alikuwa akiingia kwenye nyumba zote za mji, na huenda, kwa bahati tu, kwa kupita, aliingia na kwenye ile moja. Sasa hata bahati hiyo haipo.

Siku zikapita. Akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Kisha shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, njoo. Kaka yangu amenishinda."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema televisheni mbovu. Nimemletea fundi mara mbili, fundi anasema nzima, yeye anasema mbovu. Jana amemfukuza fundi kwa kiatu. Na jioni hali chakula, anakaa ameielekea tu imezimwa. Njoo uitazame wewe unayefanya kazi huko."

"Shangazi, unajua nikija atafumba macho."

"Basi afumbe. Wewe njoo kwa televisheni, usije kwa ajili yake."

Akaenda, mchana unaelekea jioni. Nyumba ilikuwa ile ile, harufu ya gundi na ngozi ile ile, maana mzee alikuwa amehamishia kazi zake uani na alipokea viatu vya majirani. Shangazi akamwingiza kwa mlango wa mbele. Mzee alikuwa uani, amewapa mgongo.

Televisheni ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha mezani. Binti akaona ajabu kidogo. Watu hawafuniki televisheni namna ile kwa ajili ya vumbi. Akasogea. Kitambaa hakikuwa kimetupiwa juu. Kilikuwa kimepigiliwa kwenye ubao wa kabati kwa misumari midogo ya viatu, imepangwa sawasawa kama kwenye ukingo wa soli. Na chini kulia, kitambaa kilikuwa kimekatwa kwa kisu cha ngozi. Mraba mmoja safi, mdogo, usiozidi kiganja.

Akawasha. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Meza inayong'aa haikuonekana, wala bendera, wala Mkubwa aliyekuwa akifungua kitu mahali fulani. Kulikuwa na kitambaa cha maua, na kwenye ule mraba, kijana mwenye tai akipunga miko yake.

"Ndivyo anavyotazama," shangazi akasema taratibu. "Anasema huyo Mkubwa na suti yake hataki kumwona, wala habari zake hazihitaji. Anataka pale tu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuja. Kila jioni. Hata mimi siruhusiwi kupita mbele."

"Miaka yote hiyo! Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Nawe unamjua kaka yangu, ningevunja neno lake angenifumbia na mimi macho. Hapo nani angeniambia chumvi imezidi?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Siku ile uliyomwita, alisimama. Akabaki amesimama mpaka kipindi kikaisha. Nikamuuliza amesemaje mtoto, akaniambia nisiingilie. Baada ya siku mbili akawekwa huyu. Ndipo akasema mbovu."

Binti alisimama mbele ya kile kitambaa na machozi yakamtoka bila aibu. Alikuwa akitamani kuonwa, na alikuwa akionwa. Alikuwa akilia usiku na mchana kwenye mlango ambao mwenye nyumba alikuwa ndani, jicho kwenye tundu la ufunguo, na hakufungua. Akamchukia baba yake pale pale, akampenda pale pale, na hakujua amalize kipi kwanza.

Akatoka uani.

Mzee alihisi nyayo. Uani hapana mbao, lakini alikuwa ameweka ubao wa kukatia ngozi chini ya miguu, na labda ulitikisika, au labda aliona kivuli. Mabega yakakaza. Binti alipozunguka mbele yake, macho yalikuwa yameshafumbwa, mikono juu ya magoti, kiatu cha mtu kimelala pajani. Misumari miwili mdomoni.

Akanyanyua mikono aseme, akaishusha. Aseme na nani? Alikuwa amejaribu maneno yote mbele ya macho yale yaliyofumbwa, na maneno yote yalianguka chini. Akasimama pale kama mgeni aliyesahau alichotumwa. Mzee alikuwa amepungua. Kola ya shati ilikuwa imeachana na shingo.

Akapiga magoti kando ya kigoda, akashika pindo la shati kwa vidole viwili, akavuta.

Na baba akageuka. Akageuka macho wazi, kama alivyogeuka maisha yake yote, kabla hasira haijawahi kufika na kumkumbusha. Ilipofika ilikuta ameshamwona. Uso wake ukajaribu kujikunja, ukashindwa. Akautazama mkono ulioshika pindo, akamtazama mwenye mkono. Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo.

"Umekonda," akasema kwa mikono. "Kwenye kile kisanduku huonekani hivi."

Binti akaachia pindo, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Nilijua ni yeye aliyeahidi," baba akaendelea, akitazama pembeni kidogo, kisha akimrudia. "Sikuwa mjinga. Lakini yeye nikimfumbia macho, atajua? Hajui hata kama ninayo. Nilikuwa na wewe tu wa kumfumbia."

"Ilikuwa miaka mitatu, Baba."

"Najua. Niliitazama yote." Mikono yake ikatua, ikanyanyuka tena. "Siku ile uliniambia nikutazame."

"Niliteleza. Mkono ulinitoka. Wamenitoa kazini kwa ajili yake."

"Uliifanya vibaya. Uliharakisha. Mtu anayeomba kutazamwa haharakishi." Akanyoosha kidole cha shahada, kilichopinda kwa miaka ya kushika nyundo, akamgusa kile chake chini ya kiungo, palepale kinapolegea. "Na hiki bado. Rudia."

Shangazi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, upawa mkononi. Ndani, kijana mwenye tai alikuwa akiendelea kupunga nyuma ya kitambaa cha maua.

Akarudia. Vidole viwili kwenye kona ya mdomo. Kisha vidole viwili usawa wa macho, vikageuka taratibu, vikaja mpaka moyoni, vikatulia pale. Baba yake alimtazama mpaka alipomaliza, na alipomaliza, akaendelea kumtazama.